Usiridhike na 31: ASVAB na vijana wetu wanaotaka jeshi la Marekani

"Kaka, wanataka ngapi?" Hilo ndo swali la kwanza la kila kijana anayenifuata kuhusu ASVAB, ule mtihani wa kuingilia jeshi la Marekani, na kabla sijafungua mdomo anajijibu mwenyewe, 31, rikruta, yule mwanajeshi anayeandikisha watu, kasema 31 inatosha. Mimi nafundisha hesabu vijana wetu Jumamosi mchana, wengi wao Wakongomani waliokulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma wakaletwa Marekani wakiwa na miaka kumi na nne, kumi na sita, wengine Wakenya na Watanzania walioingia kwa green card ya bahati nasibu, na hii namba 31 imeshanichosha. Siyo ya uongo. Kwa miaka mingi ndo imekuwa kizingiti cha kawaida cha jeshi la nchi kavu kwa mtu mwenye diploma ya high school, na matawi mengine yanazungukia hapo hapo, yanapandisha na kushusha kutegemea mwaka huo watu wanapatikana au hawapatikani. Ninachogombana nacho ni kwamba kijana akishaambiwa 31, siku akigusa 35 kwenye mazoezi anafunga daftari, na hapo anakuwa amejifungia milango ambayo hata hajui kama ipo.

Kwanza hiyo namba yenyewe wengi hawaielewi, na siwalaumu, maana kila mmoja wetu amekuja na mizani ya kwao. Mkongomani akisikia mtihani anafikiria eza d'eta, ule wa taifa wa kumaliza sekondari, ambako 50 kwa mia ndo mstari wa kufaulu. Mtanzania anafikiria divisheni, pointi zikiwa chache ndo furaha. Mkenya anafikiria gredi, A mpaka E. Sasa ASVAB haifanani na yoyote kati ya hizo. Ile skoo wanayoiita AFQT inaanzia 1 inaishia 99 na siyo asilimia ya maswali uliyopata, ni nafasi yako kwenye foleni. Ukipewa 31 maana yake umewafikia au kuwapita vijana 31 katika kila 100 wa kundi la kulinganishia, na kundi lenyewe, lililoanza kutumika 2004, ni la vijana wa Marekani wa miaka 18 hadi 23 waliopimwa mwaka 1997. Mama mmoja aliyekuwa mwalimu kule Uvira, Kongo, alinipigia simu usiku analia kwamba mwanae kapata 47, hajafika hata nusu, aibu gani hii, wakati mtoto ana miaka minne tu tangu aanze kuongea Kiingereza na tayari amewapita karibu nusu ya vijana waliozaliwa nacho. Ilinichukua muda kumweleza, na sidhani kama usiku ule alinielewa.

Halafu ndani ya ASVAB kuna vipimo vingi, ukifanyia kwenye kompyuta ni kumi: sayansi ya jumla, hesabu za maelezo, maana za maneno, ufahamu, hesabu zenyewe, umeme, magari, karakana, mitambo, na kuunganisha maumbo. Lakini AFQT inatoka kwenye vinne tu, yaani maneno na ufahamu kwa upande wa lugha, hesabu za maelezo na hesabu zenyewe kwa upande wa namba. Na hapa ndo pana kitu ambacho ningependa kila mzazi akijue kabla hajamnunulia mtoto kitabu chochote: upande wa lugha unahesabiwa mara mbili. Wanachukua maneno na ufahamu wanavichanganya vinakuwa alama moja inayoitwa VE, wanaizidisha kwa mbili, ndo wanajumlisha na zile mbili za hesabu, kisha jumla hiyo ndo inageuzwa kuwa ile nafasi yako kwenye foleni.

Fanya mwenyewe uone. Kila alama ya vipimo hivi imepangwa ili wastani uwe 50. Chukua kijana wetu mzuri wa hesabu, ana 55 kwenye hesabu za maelezo na 55 kwenye hesabu zenyewe, kwenye lugha ana 40. Mara mbili ya 40 ni 80, jumlisha 55 na 55, unapata 190. Mwenzake wa darasani hana anachong'aa nacho, ni 50 kila mahali, jumla yake 200. Yule aliyemzidi kwenye hesabu zote mbili ameachwa nyuma, na ameachwa na Kiingereza. Sasa huyu wetu akipandisha lugha pointi tano tu anapata kumi kwenye jumla, wakati akipandisha hesabu tano anapata tano. Bado nakuta vijana wanakesha na aljebra kwa sababu aljebra ndo inaonekana kama kusoma, kusoma gazeti kunaonekana kama kupoteza muda. Mimi mwenyewe ni mwalimu wa hesabu na nawaambia wazi, wiki nne za kwanza weka hesabu pembeni, soma.

Na kuna silaha ambayo vijana wa Kikongomani wanayo na hawajui kama wanayo. Nyarugusu walisoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, na wakifika hapa wanakiona kile Kifaransa kama mzigo wa zamani, wengine wanaona hata aibu kukiongea. Lakini maneno magumu ya Kiingereza yanayopenda kutokea kwenye kile kipimo cha maana za maneno, mengi sana yametoka Kilatini, na Kifaransa ni mtoto wa Kilatini. Dogo mmoja aliniletea neno "inundate" anasema hajawahi kuliona maishani mwake, nikamuuliza kwa Kifaransa mto ukijaa ukamwagika mashambani unasemaje, akasema "inonder", akanyamaza, akacheka. "Diminish" ni "diminuer". "Tardy" ina "tard" ndani yake. Tokea siku ile tunapitia orodha ya maneno kwa safu tatu, Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili, na neno likishapata mlango wa kuingilia halitoki tena. Yapo yanayodanganya pia, yanafanana sura yanatofautiana maana, ndo maana lazima ulione ndani ya sentensi, usilikariri peke yake. Kwa walosoma sekondari Tanzania au Kenya hali ni nyingine, Kiingereza cha darasani wanacho, kinachowaangusha mara nyingi ni kasi, maana tulizoea kusoma kwa kurudia rudia mpaka iingie, na kwenye mtihani huu saa inakukimbiza.

Hesabu za maelezo nazo ni Kiingereza kilichovaa namba. Gari linakwenda maili 24 kwa galoni moja, tenki linabeba galoni 15, imebaki robo tenki, litafika maili ngapi? Robo ya 15 ni 3.75, mara 24, maili 90. Mtoto wa darasa la saba Mwanza anaimaliza ukimpa kwa Kiswahili, lita na kilomita. Kinachomkwamisha ni galoni, ni inchi na futi, ni paundi na aunsi, ni farenihaiti, vitu ambavyo Mmarekani kavinyonya na maziwa ya mama. Hivyo ni vya kukariri tu: inchi 12 ni futi moja, futi 3 ni yadi moja, aunsi 16 ni paundi moja, kwoti 4 ni galoni moja. Jioni mbili zinatosha, na naumia sana kuona kijana anapoteza swali analolijua kwa sababu hakuzijua hizo namba nne.

Upande wa magari na karakana ndo unaniuma zaidi. Nina mmoja, ndo huyo huyo mtoto wa yule mama wa Uvira, tangu ana miaka kumi na miwili alikuwa anashinda na mafundi kambini, baiskeli, pikipiki, jenereta, ukimpa plagi iliyoungua anakwambia kwa kuiangalia tu kama injini inakula oili. Alipofungua maswali ya karakana kwa mara ya kwanza hakuelewa hata moja kati ya matatu. Tindo anaijua, randa anaijua, timazi, pima maji, spana ya pete, jeki, vyote ameshavishika kwa mkono wake, ila hajui Mmarekani anaviitaje. Tulikwenda duka la vifaa vya ujenzi, tukapita safu moja baada ya nyingine anasoma majina kwenye lebo na kuandika kwenye simu, Jumamosi mbili, na kile kipimo kikawa ndo anachokitegemea. Watu wanasema visivyoingia kwenye AFQT usihangaike navyo. Ushauri mbaya kabisa, na sababu yake ni hii inayofuata.

AFQT inakufungulia geti, haikuchagulii kazi. Kazi zinatoka kwenye alama nyingine, laini skoo, ambazo jeshi linazitengeneza kwa kuchanganya vile vipimo kwa namna tofauti, ya umeme, ya ufundi mitambo, ya ufundi wa kitaalamu, ya karani na kadhalika. Kwenye jeshi la nchi kavu inayotajwa kuliko zote ni GT, nayo inatokana na VE na hesabu za maelezo, lugha tena, unaona. Mizani ya laini hizi siyo ile ya 1 mpaka 99. Udereva wa malori umekuwa ukidai 85 kwenye laini ya OF, ya uendeshaji na upishi, na kazi ya upishi nao 85 hiyo hiyo. Mtabibu wa uwanja wa vita, yule wa 68W, amekuwa akidaiwa GT 107 na ST, ile ya ufundi wa kitaalamu, 101. Ukitaka siku moja uombe kwenda shule ya maofisa, GT 110. Namba hizi hubadilika kwa hiyo muulize rikruta akuonyeshe za mwaka huo zimeandikwa, asikutajie kwa mdomo. Lakini ona umbali uliopo hapo. Kijana wa 31 na kijana wa 60 wote wameapa kiapo kimoja, wanavaa viatu vya aina moja, wanaamka saa ile ile, ila mmoja aliwekewa mezani orodha ndefu na mwingine aliwekewa vitu vitatu akaambiwa chagua haraka nafasi zinaisha.

Na 50 nayo ina uzito wake. Wizara ya ulinzi ina lengo la muda mrefu kwamba angalau asilimia 60 ya wanaoingia wawe wamefika 50 kwenda juu, kwa hiyo ukivuka hapo wewe ndo unatafutwa, na pesa za motisha mara nyingi zinapita njia hiyo hiyo. Rikruta siyo adui, wapo wanaokaa na mtoto kama ndugu yao, ila ana idadi ya watu anaotakiwa kuwaingiza kila mwezi na wewe una miaka minne au sita ya maisha yako. Hizo hesabu mbili hazilingani.

Kwa vijana wetu kuna kitu kingine kinachobana, uraia. Mwenye green card anaruhusiwa kujiunga, mkimbizi akishakaa mwaka mmoja anaweza kuiomba hiyo kadi kisha ndo aende. Ila asiye raia hapewi kibali cha kushika siri za serikali, na kazi kibao za intelijensia, mawasiliano na kompyuta zinadai hicho kibali, kwa hiyo hata ukipata 90 zile zimefungwa mpaka uwe raia. Maana yake orodha yako tayari ni fupi kabla hujakaa kwenye kiti, halafu wewe unaifupisha tena kwa kuridhika na 31! Uzuri ni kwamba jeshi lenyewe ni njia ya uraia, tokea ile amri ya Rais George W. Bush ya Julai 2002 wanaotumikia kwa heshima wanaweza kuomba bila kusubiri ile miaka mitano ya kukaa na green card, na ada ya maombi hawalipi. Na kwa wale wanaoniandikia kutoka Dar na Nairobi wakiulizia ule mpango wa kuandikisha wageni wasio na green card kwa ajili ya lugha wanazozijua, MAVNI, ni kweli ulikuwepo, ulianza 2009, Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha ya lugha zilizotakiwa, lakini ulisimama kupokea watu 2016. Anayewaambia leo mlipe pesa awaingize kwa njia hiyo anawaibia.

Sasa chumba chenyewe cha mtihani. Wengi wataufanyia kwenye kompyuta katika kituo cha MEPS, pale jeshi linapowapima na kuwaandikisha wapya, na ile kompyuta inakupima huku unakwenda. Swali la kwanza ni la kati, ukilipata linakuja gumu kidogo, ukilikosa linakuja jepesi. Kwa hiyo usitishike ukiona maswali yanazidi kukaza, hiyo ni dalili unapanda, nimeshaona vijana wanatoka wamejiinamia wanasema leo yalikuwa magumu mno kumbe ndo siku waliyofanya vizuri kuliko zote. Huwezi kurudi nyuma kubadilisha jibu, tofauti kabisa na mitihani yetu ya kuruka swali na kulirudia baadaye, ndo maana nawazoesha kumaliza moja kabla ya kugusa jingine. Na usiache maswali yamebaki muda ukiisha, unaadhibiwa, ila pia usibofye bofye ovyo dakika ya mwisho maana makosa mfululizo yanakushusha vibaya. Dawa ni kujizoesha na saa tangu nyumbani.

Halafu acheni kwenda kujaribu. Lugha hiyo naisikia kila wiki, naenda kujaribu tu kaka. Ukishafanya mara ya kwanza unasubiri mwezi mmoja kurudia, ukirudia ukashindwa unasubiri mwezi mwingine, na baada ya hapo kila mara ni miezi sita. Mtu anamaliza mwaka hivi hivi. Kama bado uko high school uliza shuleni kwenu, shule nyingi zinaendesha ASVAB bure, haikufungi kujiunga na chochote, na ukiwa gredi ya 11 au 12 ile skoo inaweza kutumika kuandikishwa ndani ya miaka miwili. Upo pia mtihani unaofanyia nyumbani, PiCAT, na huo ndo wenye kishawishi, kaka mkubwa yupo pembeni, simu ipo. Ukifika MEPS watakupa kipimo kifupi cha kuthibitisha, na majibu ya kaka hayatakuwepo.

Kuna wanaoniambia mtihani huu ni wa kibaguzi tu, tuache kujisumbua. Nawaelewa, na historia inawapa hoja. Kuanzia mwaka 1917 mwanasaikolojia Robert Yerkes na wenzake waliwapima wanajeshi wa Marekani kama milioni 1.7, waliojua kusoma Kiingereza walipewa mtihani wa Alpha, wasiojua walipewa Beta wa picha. Wahamiaji walipata alama za chini, na mwanasaikolojia mwingine, Carl Brigham, akaandika mwaka 1923 kwamba hiyo inaonyesha akili zao ni pungufu. Lakini data zile zile zilionyesha wahamiaji wanapanda alama kadiri miaka yao Marekani inavyoongezeka. Brigham mwenyewe alikuja kuikana kauli yake 1930. Kwa hiyo mtoto wako akipata 22 leo, kilichopimwa kwa sehemu kubwa ni miaka yake ndani ya Kiingereza, na miaka inaongezeka, Kiingereza kinaongezeka. Hapo sitanii na mzazi yeyote anayemwita mtoto wake mjinga kwa ajili ya karatasi hii.

Ila historia hiyo hiyo ina upande mwingine. Kati ya 1966 na 1971, chini ya mradi wa Project 100,000 alioanzisha waziri wa ulinzi Robert McNamara, jeshi lilipokea wanaume zaidi ya 300,000 ambao kabla ya hapo wangerudishwa, wengi kwa sababu ya alama za chini. Waliahidiwa mafunzo ya kuwainua, wengi hawakuyapata, na maelfu kwa maelfu walipelekwa Vietnam. Kuingia tu siyo ushindi. Ukiingia na alama ndogo unaingia bila uwezo wa kuchagua, na nikifikiria kijana aliyekimbia vita Fizi, Kongo, akiwa mgongoni kwa mama yake, namtaka awe na uwezo wa kuchagua.

Aliyekwama kati ya 21 na 30 asikate tamaa, tangu Agosti 2022 jeshi la nchi kavu lina kozi ya maandalizi pale Fort Jackson, South Carolina, unaingia umeshaandikishwa, unafundishwa lugha na hesabu mpaka siku 90, unarudia mtihani kila baada ya wiki chache, na wengi wanapanda. Mimi naiona ni moja ya vitu vya maana vilivyofanywa kwa vijana wa aina yetu, hata kama haikutengenezwa kwa ajili yetu. Lakini kama una miezi mitatu ya kukaa nyumbani, meza ya jikoni na taa ya umeme, fanya kozi hiyo hapo hapo kwenu kabla hujasaini kitu. Nusu saa ya kusoma kwa sauti kila siku, mtu akikusikiliza. Maneno kumi kwa siku kwenye zile safu tatu. Hesabu Jumamosi. Na kazi uliyoahidiwa, uione imeandikwa kwenye mkataba, jina lake na namba yake, kabla kalamu haijagusa karatasi.

Yule kijana wa mafundi wa Nyarugusu alirudia mwezi wa tano. Safari hii AFQT ilikuwa 58, na laini ya ufundi mitambo ilipanda kiasi kwamba alichukua ufundi wa magari, 91B, kazi ambayo haidai uraia. Mama yake alinipigia tena usiku. Alisema, mwalimu, amewapita 58 kati ya mia, siyo? Nikamwambia ndiyo mama, 58 kati ya mia. Akauliza hao mia wote walisoma kwa Kiingereza tangu wadogo? Nikamwambia karibu wote. Akasema subiri, akaenda kumwamsha mumewe.